Sponji ya Shemeji, Rimu za Dada

Shemeji yangu ni fundi wa makochi, na kwake hakuna tatizo duniani lisilotibika kwa sponji. Mlango ukigonga kwa kishindo, sponji. Meza ikiyumba, kipande cha sponji chini ya mguu. Mtoto wao alipokuwa anajifunza kutembea, kona zote za nyumba zilivishwa sponji mpaka wageni wakawa hawajui waketi wapi. Kwa hiyo asubuhi ile alipoingiza gari la dada yangu gerejini kwangu, akashuka, akaanza kuyabonyezabonyeza matairi kwa kidole gumba, nilijua kabla hajafungua mdomo kwamba amekuja kunipandisha presha.

"Shemeji," akasema, "nataka rimu ndogo kuliko zote ulizonazo, na tairi nene kuliko zote."

"Umeuza gari ukanunua trekta?"

"Acha utani. Nataka mgonjwa wangu akae humu kama yuko kitandani."

Gari lenyewe si la kitandani. Ni la umeme, la kasi, lile ambalo ukigusa pedeli shingo inabaki nyuma. Nyumbani tunaliita Bubu kwa sababu linakupita hujasikia kitu. Dada alilinunua alipostaafu, na ndugu wote walimsema: mama mzima na gari la vijana! Yeye aliwajibu kwamba maisha yake yote ametengeneza barabara ili wengine wapite, sasa ni zamu yake kupita. Magari ya namna hiyo yanakula matairi kwa fujo, maana nguvu zake hazisubiri na betri ni nzito, na siku hiyo matairi ya nyuma yalikuwa yamebaki vipara vitupu. Kubadilisha ilikuwa lazima. Swali lilikuwa tunafunga nini.

Dada yangu alikuwa msimamizi wa kutandika lami. Nusu ya barabara za mji huu zimepita chini ya buti zake. Vibarua wake walikuwa wakisema hana haja ya kipimajoto: anasimama juu ya lami mbichi, anatulia kidogo, kisha anasema ipitishieni mashine ya kushindilia au isubirini. Aliijua kwa nyayo. Halafu sukari ikaanza kumla polepole, na ikaanzia hukohuko kwenye nyayo. Ganzi kwenye vidole, kisha chini ya mguu, kisha kifundo. Siku moja alirudi kutoka dukani na kandambili moja, hajui nyingine imemtoka wapi njiani. Siku hiyohiyo alimkabidhi mumewe ufunguo wa Bubu. Hakusubiri daktari amkataze. Mtu asiyeusikia mguu wake hana ruhusa ya kukanyaga pedeli, alisema, na yakaisha.

Tangu hapo shemeji ndiye dereva, na anaendesha kama amebeba trei ya mayai.

"Hii hapa," akasema, akiwa tayari ameshavamia rafu zangu. Alikuwa amekumbatia rimu ya inchi kumi na nane iliyovishwa tairi nono.

Niliinua gari kwa jeki, nikafungua gurudumu la mbele, nikaitegesha rimu yake ile. Ikagota. Breki za Bubu ni kubwa kama sinia, na rimu ya kumi na nane haina nafasi ya kuzimeza. Isitoshe, tairi alilolipenda lilikuwa la gari dogo la familia. Ubavuni kuna namba inayosema tairi linabeba mzigo kiasi gani, na lile la kwake lingekubali kubeba Bubu kwa wiki moja tu kabla halijafunga safari ya mbinguni na abiria wake.

"Kumi na tisa ndiyo mwisho," nikasema. "Chini ya hapo haliingii."

"Basi kumi na tisa. Na si kuna tairi zenye sponji ndani? Nimesikia."

"Zipo. Zinapunguza kelele."

Uso wake uling'aa. Nadhani hajawahi kunipenda kama dakika ile.

Sasa hapa inabidi nieleze kitu, maana watu wengi hukosea. Hudhani rimu kubwa ni gurudumu kubwa. Sivyo, au isiwe hivyo. Kimo cha gurudumu zima, kutoka chini mpaka juu, hakitakiwi kubadilika, la sivyo kipima mwendo kitakudanganya na tairi litakwaruza bodi. Kwa hiyo chuma na mpira vinagawana kimo kilekile. Ukiongeza chuma, umepunguza mpira. Rimu ya kumi na tisa inabaki na mpira wa kutosha, na mpira ule unameza kokoto, viraka na matuta kabla hayajakufikia. Rimu ya ishirini na moja inabaki na mpira mwembamba kama ukanda, na kila kilichoko barabarani kinapanda moja kwa moja mpaka kwenye kiti. Ishirini na moja inapendeza macho, inashika kona vizuri, na inakula chaji zaidi kwa sababu ya uzito wake. Bubu lilitoka kiwandani na ishirini, katikati.

Gerejini kwangu nina sheria moja tu, na imenifukuzia wateja wengi: anayekaa ndani ya gari ndiye anayechagua.

"Dada anajua umekuja huku?" nikamuuliza.

Akaanza kukagua kucha zake. "Nataka kumfanyia sapraizi."

Damu ilinichemka. Gari ni la dada, jasho ni la dada, mgongo utakaokaa humo ni wa dada, halafu mwanamume anakuja kupanga mambo kwa kificho kama ananunua kitanda cha mtoto mchanga! Nilitoa simu palepale. Akanisihi kwa ishara zote, mpaka akakunja mikono kama anasali. Nikapiga.

Dada alifika kwa teksi, fimbo mkononi, mtandio umemponyoka begani. Alimtazama mumewe, akautazama mzigo wa mpira pembeni ya gari, akaelewa bila kuambiwa.

"Kumbe ndiyo huko dukani ulikoenda kununua gundi."

"Mke wangu, sikiliza..."

"Nimeshasikiliza. We mdogo wangu, nionyeshe hizo kubwa."

Nilimshushia rimu ya ishirini na moja. Alikaa juu ya mrundo wa matairi, akaipakata, akaipima uzito kwenye mapaja, akapitisha kidole ukingoni. Kisha akasema anataka hizo.

Basi pakachimbika. Shemeji alisema hizo ni za vijana wasio na uti wa mgongo. Dada akasema yeye uti wa mgongo anao, na ndio unaomfanya asikubali ujinga. Shemeji akasema kila gari likipita kwenye tuta yeye dada hukunja uso, ameshamwona, asidanganye. Dada akasema ule ni uso wake na ataukunja apendavyo. Mimi nilikuwa nacheka mpaka nilipomwona shemeji anavyotetemeka mdomo. Hakuwa anabishana kwa kujifurahisha. Alikuwa anaogopa.

Ndipo dada akatoa masharti. Tufunge zote mbili, kwa zamu. Mumewe aendeshe njia anayoitaka yeye, ndani ya mji, na dada akae pembeni yake amefungwa macho. Akiweza kusema wako wapi kwa kuisikia barabara tu, hizo rimu ndizo za Bubu. Akishindwa kwa zote mbili, mumewe afunge anachotaka, hata godoro.

"Kwa nini ufungwe macho?" nikauliza.

"Kwa sababu macho yangu ni mazima. Sijaja kupima macho."

Tulianza na kumi na tisa. Dada alivua viatu, akaweka nyayo zote mbili sakafuni, akajifunga mtandio usoni. Mimi nilikaa nyuma. Shemeji aliondoa gari kwa upole hata sikujua tumeanza mpaka nilipoona geti linarudi nyuma.

Sikatai, mwendo ulikuwa mzuri. Zile tairi nilizisifu moyoni kama fundi. Tulipita kwenye matuta ya shuleni kama tunapita juu ya mto wa kulalia.

"Tuko wapi?" shemeji akauliza.

"Tumekata kushoto."

"Chini kuna nini?"

Dada alikawia. Niliona vidole vya miguu yake vinakandamiza zulia, kama mtu aliyeweka sikio mlangoni.

"Barabara," akasema.

"Ipi?"

"Barabara, bwana. Barabara ni barabara."

Tulikuwa kwenye barabara ya hospitali. Alishinda pale msimu mzima wa mvua, akibomoa na kutandika upya kwa sababu mkandarasi wa kwanza alitia mchanga mbaya. Nilikuwa nikimpelekea chai kwenye chupa. Kama kuna barabara anayopaswa kuijua, ni hiyo.

"Kama niko kwenye kochi lako," akamwambia mumewe hatimaye.

"Ahsante," shemeji akajibu, na alimaanisha.

Tuliporudi, dada alishuka ili nibadilishe magurudumu. Nikamwona anavyoshuka. Aliushika mlango kwa mikono miwili, akauelekeza mguu chini, akautazama mpaka ulipogusa saruji, ndipo akauamini. Aliutazama mguu wake mwenyewe kama mtu anayemtazama mtoto asije akaanguka. Mtu aliyekuwa akikimbizana na mashine za kushindilia! Moyo uliniuma kwa namna ambayo sikuitegemea, na nadhani hapo ndipo nilipoharibu.

Nilifunga zile za ishirini na moja. Nilikaza nati kwa kipimo chake, kwa mpangilio wake, kila kitu sawasawa. Kisha nilipochutama kukagua upepo, nikatoa. Kidogo tu kila tairi, kiasi ambacho kompyuta ya gari isingelalamika. Hakuna aliyeniona. Niliona namhurumia, tairi zisimgonge sana, na niliona nina akili sana.

Tukatoka tena. Safari hii dada alikuwa ameinamisha kichwa. Alitambua soko, kwa sababu hapo kuna mawe ya kupanga na hata maiti angeyatambua. Baada ya hapo akanyamaza. Tulipita barabara yenye viraka, kimya. Tulipita mtaa wa benki, akakisia, akakosea. Shemeji alinitazama kwenye kioo, na ajabu ni kwamba hakuwa na uso wa mshindi.

"Tumeshavuka daraja?" dada akauliza.

"Ndiyo, sasa hivi tu."

Dada akavua mtandio. Akageuka nyuma polepole, akanitazama mimi.

"Umetoa upepo."

"Upepo gani?" Nikajitia hamnazo.

"Mdogo wangu."

Nikaona haya mpaka masikio yakawaka moto.

"Pale darajani kuna viungo vya chuma," akasema. "Nilisimama juu yake vikifungwa. Tairi nyembamba yenye upepo wake haiwezi kupita pale kimya, labda iwe imepakwa siagi." Kisha sauti yake ikapanda. "Mnanifanya mzigo! Huyu ananifunga sponji, na wewe, wewe ambaye hukubali hata mteja akudanganye namba ya tairi, unanitolea upepo. Mkimaliza hapo mnivishe blanketi mnilaze kwenye buti la gari!"

Asubuhi hiyohiyo nilikuwa namsema mume wa watu kwa mambo ya kificho, kumbe na mimi nimemtia dada sponji yangu, tofauti ni kwamba ya kwangu haionekani. Nilimwomba radhi. Alisema tutazungumza siku nyingine, sasa anataka upepo wake.

Kituo kilichokuwa karibu ni cha mafuta. Mhudumu wa pampu alikuja mbio, akatafuta kifuniko cha tangi upande huu, akazunguka akatafuta upande ule, akarudi dirishani.

"Tangi liko wapi jamani?"

"Halina," shemeji akamwambia. "Tunataka upepo tu."

"Gari zima hili, upepo tu?" Alicheka mpaka akaegemea pampu, na sisi tukacheka, na hewa ndani ya gari ikawa nyepesi kidogo. Nilijaza mwenyewe, kila tairi kwa kipimo chake, dada ametoa kichwa dirishani ananisimamia kana kwamba mimi ni kibarua wake.

Akajifunga mtandio tena.

Tulipoingia barabarani kurudi tulikotoka nilisikia tofauti hata mimi kwenye kiti cha nyuma. Gari lilianza kusema. Kokoto zilikuwa kokoto. Palipokuwa laini palikuwa laini, na palipofukiwa palijitangaza. Dada alikaa wima. Hakuongea mara moja, na nilianza kuogopa kwamba safari hii hakuna wa kulaumiwa isipokuwa ugonjwa wenyewe. Kisha akainua kidole.

"Daraja hili."

Viungo viligonga chini yetu palepale.

"Sasa tunateremka. Hapa kokoto ni kubwa, tuliishiwa zile ndogo. Hapa ni ile lami mpya, wameitandika wakiwa na haraka, imejaa mawimbi. Umekata kulia. Hii... ngoja. Hii ni ya hospitali. Hii ni yangu."

Shemeji akauliza: "Unaisikia kwa miguu?"

Dada alifikiri. Dada yangu hajui kutia chumvi, hata pale ambapo chumvi ingemsaidia.

"Kwa makalio," akasema. "Na mgongo. Na meno. Miguu haimo. Lakini naijua, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Basi."

Ningependa kusema niliridhika, lakini sikuridhika, na nadhani hata yeye hakuridhika. Ameshinda masharti yake, rimu ni zake, na bado nyayo zile mbili zilikuwa zimekaa pale kwenye zulia kama za mtu mwingine.

Mbele ya geti la hospitali watu wa maji walikuwa wamechimba, wakafukia kwa kifusi, wakaondoka, na kifusi kikadidimia. Shemeji alikuwa anamtazama mkewe badala ya barabara. Gurudumu la mbele likaingia shimoni, bu!, na gari zima likaruka.

"Aa!" dada akapiga kelele.

Shemeji akakanyaga breki, tukasimama katikati ya njia. "Si nilisema!" Alikuwa ameushika usukani kwa mikono miwili na hakumtazama. "Si nilisema mimi! Unadhani napenda sponji? Kila gari likigonga wewe unaumia, na mimi ndiye nimeshika usukani. Najiona kama ni mimi ninayekupiga. Siwezi. Tafuta dereva mwingine, mimi siwezi."

Kulikuwa na gari nyuma yetu linapiga honi. Hakuna aliyeshughulika nalo.

"Imeuma," dada akasema.

"Najua imeuma!"

"Hujui. Ni dole gumba. La mguu wa kushoto. Limeuma." Alivuta mtandio, akainama, akakishika kidole kile kwa mkono kana kwamba kingeweza kukimbia. "Jamani, limeuma. Lile ambalo daktari alilichoma sindano nikamuuliza ataanza saa ngapi." Alikuwa anacheka, na machozi yanamtoka, na hakuyafuta. "Wewe, sikiliza nikwambie. Nikikunja uso, usiogope. Siku nitakayopita kwenye shimo kama hili nikakaa kimya, siku hiyo ndiyo unililie."

Shemeji akamgeukia. Yule wa nyuma akatupita kwa hasira, akitutukana. Na mimi nilikuwa nalia huko nyuma, sitaki kusema uongo.

"Na wa kulia?" shemeji akauliza, taratibu sana.

Dada akautazama mguu wa kulia. "Sikuwa nimeukaza vizuri," akasema.

Nimekaa na dada yangu tangu nazaliwa, na sijawahi kumsikia akitoa kisingizio.

Shemeji naye alisikia. Alisogeza gari mpaka mbele palipo na nafasi, akageuza, akarudi, akageuza tena, akalipanga sawasawa na lile shimo, yeye ambaye huzunguka mtaa mzima kukwepa tuta.

"Haya, kaza," akamwambia.

Dada akaukaza mguu wa kulia sakafuni, akafumba macho. Tukaingia. Bu! Dole la kushoto likamfanya avute pumzi kwa nguvu. Tukasubiri.

"Wa kulia?"

Akatikisa kichwa.

Shimo kama lile linaikunja rimu ya ishirini na moja mara moja, na hiyo ilikuwa imeshaingia mara mbili. Mimi ni fundi, ilikuwa kazi yangu kusema. Nilinyamaza. Shemeji akawasha indiketa, akageuza gari mara ya tatu.